Daftari langu la umeme limemfanya mama mkwe aoge maji ya baridi

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia nikiwa Moshi. Nimeolewa, tuna watoto wawili wa shule ya msingi na dada anayetusaidia kazi. Mwishoni mwa Mei mume wangu alimleta mama yake kutoka Kibosho ili awe karibu na matibabu ya magoti. Sina ugomvi na mama. Amenipenda tangu siku ya kwanza, na alipokuja nilifurahi kweli. Naomba hilo ulishike wakati unasoma mengine.

Kwetu mume analipa ada za watoto na bili ya maji. LUKU (umeme wa kulipia kabla) na chakula ni vyangu, navitoa kwenye biashara yangu ya mitumba pale soko la Memorial. Mwezi Machi nilinunua umeme wa shilingi 40,000, nikapata uniti 112, na zikatufikisha mwisho wa mwezi. Mwezi Juni nimenunua wa shilingi 70,000, uniti 196, na bado tarehe 29 tulilala gizani. Bili ya maji nayo imetoka uniti 14 hadi 22.

Nikaamua kufuatilia. Nilichukua daftari, nikawa nasoma mita ya umeme na dira ya maji saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mchana dada ananisomea. Baadaye nikaongeza safu za majina: Mama, Watoto, Dada. Mama haitaki shawa ya umeme, anasema anaogopa maji yanayopita kwenye umeme, kwa hiyo anachemshiwa kwenye jagi: ya kuoga asubuhi na jioni, ya kukanda magoti, ya chai. Jagi letu ni la lita 1.7 na linachemka kama mara sita kwa siku kwa ajili yake. Watoto walikuwa likizo, na kwa baridi ile wakahama kutoka kwenye beseni wakaanza kuoga kwenye shawa. Dira ya maji usiku haisogei hata kidogo. Inakimbia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, muda ambao mimi na mume wangu hatupo. Nikaona jibu limepatikana. (Tuna tenki la chini la lita 2,000 na pampu ya otomatiki inayosukuma maji ndani. Siku hizi pampu inaamka yenyewe usiku, kama mara moja kila saa, hata wote tukiwa tumelala. Niliambiwa ndivyo zilivyo pampu hizo.)

Jumapili moja tukiwa mezani mwanangu wa miaka minane akasema, "Bibi, mama ameandika leo umechemshiwa maji mara saba." Mama hakusema kitu. Alimaliza chakula, akashukuru, akaenda kulala. Kesho yake alioga maji ya baridi. Leo ni siku ya kumi na mbili. Ukimletea ya moto anasema yamemtosha yale. Magoti yamevimba, na sasa anasema kahawa ya kule kihambani, shamba lake la nyumbani, inamhitaji. Mume wangu ameniambia neno moja tu: "Umempimia mama yangu maji." Anataka nilichome daftari.

Sijalichoma, liko chini ya godoro. Sijaomba radhi pia, kwa sababu sijui kosa langu ni lipi hasa. Umeme kweli unaisha, na hakuna mwingine anayeuliza unanunuliwa na nini. Nikichoma, tunarudi gizani. Nikiendelea, nyumba inavunjika. Naomba mwanga.

Mwenye Daftari, Moshi

*

Marahaba mdogo wangu,

Nimelishika ulilotaka nilishike. Mtu asiyempenda mkwewe haandiki kwamba alishukuru kwa chakula usiku ule alioumizwa.

Unayoniambia ni mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza, nyumba yako inatumia uniti 84 za umeme na uniti 8 za maji zaidi ya ilivyozoea, na mzigo wa umeme uko juu ya mfuko wako peke yako. La pili, mzee mwenye magoti mabovu anaoga maji ya baridi katika baridi ya Moshi ya katikati ya mwaka, kwa sababu amejiona ameandikwa. Umeuliza uchome daftari au uendelee nalo, kana kwamba kumheshimu mama na kujua umeme unakwenda wapi haviwezi kukaa nyumba moja. Kabla ya kufika huko naomba tulifungue daftari lenyewe. Umelipa gharama kubwa kulipata, na ninavyolisoma mimi, halisemi ulichokisikia.

Tuanze na dira ya maji. Umeona inakimbia saa tatu hadi saa saba, ukahesabu nani yuko nyumbani saa hizo. Lakini nyumba yenye tenki dira yake haimuoni mtu anayeoga. Inaona tenki linapojaa. Mume wako akioga alfajiri, maji yanatoka kwenye tenki, boya linashuka, na koki ya boya inafunguka. Maji ya bomba yakiwa na nguvu ndogo saa hizo, au yakiwa hayajafika mtaani, dira inakaa kimya. Yanapopata nguvu saa tatu, tenki linajazwa kwa mkupuo, na dira inaandika saa tatu maji yaliyotumika tangu jana jioni. Ndani ya namba zile za mchana mmo wewe, mmo mumeo, mna nguo za kufua za wiki nzima. Mama alikuwepo tu wakati deni la wote linalipwa.

Ukimya wa usiku nao usikutulize. Dira kutosogea usiku maana yake ni kwamba maji hayaingii. Kama yanatoka, hiyo haiwezi kukuambia. Anayejua ni pampu, na pampu imekuwa ikikuambia kila saa. Pampu ya otomatiki huwaka presha inaposhuka, na katika nyumba iliyolala presha haishuki bila sababu. Sababu kuu ziko mbili. Huenda maji yanavuja upande wa nyumba, au valvu ya kuzuia maji kurudi imechoka na presha inarudi kidogo kidogo ndani ya tenki. Kuzitofautisha ni kazi ya usiku mmoja. Wote wakishalala, funga koki kubwa iliyo kati ya pampu na nyumba, baada ya mtungi wa presha (ule unaotunza maji yenye presha kando ya pampu), kisha sikiliza kwa saa mbili. Pampu ikiendelea kuamka, valvu ndiyo mbovu, na maji hupotezi. Ikinyamaza, uvujaji uko ndani.

Ukiwa ndani, mshukiwa wa kwanza ni tenki la choo, kwa sababu huvuja bila sauti na bila kulowesha sakafu. Chukua bluu ya kufulia, koroga kidogo kwenye kikombe, mimina ndani ya tenki la choo, na asiflashi mtu kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imechakaa au imekaliwa na mchanga. Tazama pia kama maji hayamwagiki juu ya bomba la kufurikia. Kina kinatakiwa kiishie sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wake, na kinashushwa kwa kurekebisha boya. Fundi bomba atakushawishi ubadilishe mfumo wote wa ndani. Mara nyingi raba peke yake inatosha, mradi aisafishe na sehemu inapokalia, maana raba mpya juu ya uchafu wa zamani itavuja tena.

Ni kiasi gani hicho? Mtungi mdogo wa presha wa lita 24 huachia kama lita 6 hadi 8 kabla pampu haijawaka. Mara moja kila saa, usiku na mchana, ni lita 144 hadi 192 kwa siku. Kwa mwezi, uniti moja ya maji ikiwa ni lita 1,000, ni kati ya uniti 4 na 6. Ongezeko lako lote ni uniti 8. Uyaangalie hayo mara mbili, mdogo wangu, kwa sababu hilo si jambo dogo kwa mama anayejiona ndiye aliyemaliza maji. (Mtungi wako ukiwa mkubwa zaidi, na kinachopotea ni kikubwa zaidi. Usipoona mtungi wowote, hesabu hii haikuhusu, ila kipimo cha koki kinabaki vilevile.)

Kuna na kipande cha kutoka dira hadi tenki. Tenki likijaa, maji ya bomba yakiwa bado na nguvu, funga koki ya kuingilia tenki, kisha tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka wakati hakuna koki iliyofunguliwa kabla ya tenki, bomba la ardhini limetoboka. Kikisimama, kipande hicho ni kizima. Dakika tano tu, na unaondoa shaka moja.

Sasa umeme. Hapa namba zako zinamgusa mama kweli, na sitazificha. Kuchemsha jagi la lita 1.7 kutoka ubaridi wa Julai kunakula kama uniti 0.17. Mara sita ni uniti 1 kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Kwa bei yako, ambapo 10,000 inaleta uniti 28, hizo ni kama shilingi 10,700. Zipo. Lakini ulikuwa unatafuta 84. Zile 54 nyingine ziko wapi?

Tazama safu ulizochora: Mama, Watoto, Dada. Safu ya mumeo sikuiona, na yako pia sikuiona. Nalisema kwa upole, maana nadhani halikuwa kusudio. Ni kawaida mtu anayepima kujiona yeye ndiye macho, na asijione ndani ya picha. Ila shawa yenu iko nje ya daftari, na shawa ndiyo inayokula kuliko kitu chochote nyumbani kwako. Nyingi zina alama ya wati 5,400 hivi kwa kiwango cha juu cha swichi. Dakika kumi ni uniti 0.9. Yaani mtu mmoja akioga dakika kumi asubuhi, amekaribia kabisa maji yote ya mama ya siku nzima. Watoto wawili walioacha beseni, dakika sita kila mmoja, ni uniti 1.1 kwa siku, zaidi ya mama. Na ikiwa kwa sababu ya baridi mumeo aliivuta swichi kutoka kiwango cha chini hadi cha juu, ni karibu uniti 0.4 nyingine kwa kila kuoga. Ongeza watoto kutwa nyumbani, televisheni ikiwaka, friji ikifunguliwa kila baada ya robo saa. Zile 84 zinaanza kujazika bila kumrudia mama hata mara moja.

Usiniamini mimi, amini mita yako. Kwenye uso wake kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kitu kama "1000 imp/kWh". Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima vyote, acha kimoja, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60: hizo ndizo wati za chombo hicho. Jagi la wati 2,000 litapepesa kama mara 33 kwa dakika. Shawa ya wati 5,400 itapepesa mara 90, ni mbio, kwa hiyo hesabu sekunde 20 uzidishe kwa tatu. Mita ikiwa na namba 1600, chukua jibu lako ugawanye kwa 1.6. Kisha zima kila kitu kabisa. Kitaa kikiendelea kupepesa mara moja kwa dakika, kuna wati 60 zinakwenda mahali usipopajua, nazo kwa mwezi ni uniti 43. Wengine hugundua kwa njia hii kwamba taa ya nje ya mpangaji, au waya wa jirani, uko kwenye mita yao.

Mawili madogo kabla sijaacha hesabu. Linganisha uniti, usilinganishe shilingi, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa ndani ya ununuzi wa LUKU, na mwezi utakaokatwa utaonekana umetumia zaidi hata kama hukutumia. Na usiushindanishe Machi na Juni. Tuseme maji ya bomba yana nyuzi 23 wakati wa joto na nyuzi 17 wakati wa baridi: ndoo ileile ya kuoga, kuifikisha nyuzi 40, inahitaji moto zaidi kwa theluthi moja. Mama alikuja wiki zilezile baridi ilipoingia na shule zilipofungwa. Mambo matatu yamegonga mlango siku moja, na yeye ndiye pekee aliyekuwa na sura.

Hapa naomba niliache daftari, nikuulize wewe. Ulipoongeza zile safu za majina, ulikuwa unataka nani asome? Sidhani ni mama. Barua yako ina sentensi moja inayouma kuliko zote: "hakuna mwingine anayeuliza unanunuliwa na nini." Mume amemleta mzazi wake, jambo jema, na gharama yake ya kila siku ikaangukia upande wako wa bajeti bila mtu kuketi kuizungumza. Huenda daftari lilikuwa maneno uliyoshindwa kumwambia mumeo kwa mdomo, yakamfikia mama badala yake. Kama nimekosea, liache hilo lipite. Kama nimegusa, basi unaweza kumwambia jambo hilo kama lilivyo, bila dira wala mita: kwamba LUKU imepanda kutoka 40,000 hadi 70,000, na peke yako huiwezi.

Njia ulizo nazo naziona hivi, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kulichoma, kama alivyosema. Faida yake ni kwamba mumeo ataona umemsikia, na kwa mtu aliyeudhika ishara ya moto inaeleweka haraka. Mwiba wake ni kwamba uvujaji, kama upo, utaendelea, shawa itaendelea kula, na mwezi ujao giza likirudi utabaki na dukuduku na huna ushahidi. Tena kuna hatari mama akaona majivu akadhani kweli kulikuwa na la kuficha.

Unaweza kuliweka lakini ukabadilisha linachopima. Chana kurasa zenye majina, ubaki na vyombo: jagi, shawa, pasi, friji, pampu. Soma mita mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, na uandike juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani ambapo kila mtu anaona. Kwa wiki utapata namba iliyotulia. Namba za kila siku hurukaruka, siku ya pasi huonekana kama wizi. Mwiba wa njia hii ni muda. Ukiibandika wiki hii, kidonda cha mama kikiwa kibichi, hata neno "jagi" atalisoma kama jina lake. Huenda ikafaa isubiri. Wiki ngapi, wewe uliye ndani ya nyumba hiyo ndiye unayeweza kujua.

Au unaweza kumkabidhi mumeo. Mwombe yeye ndiye afunge ile koki usiku na asikilize pampu, yeye ahesabu mipepeso ya shawa. Mtu akihesabu mwenyewe 90 kwa dakika huwa hahitaji kuelezwa. Mwiba: ukimkabidhi kwa sauti ya "nilikuambia", atakuwa wa pili kuandikwa katika nyumba hiyo. Na anaweza kukataa. Ukiwa na hofu hiyo, mwanzie kwa pampu, kwa sababu uvujaji hauna mwenyewe wa kulaumiwa.

Akikubali kuigusa shawa, mwambie amwite fundi umeme akague waya kwanza. Wati 5,400 zinavuta karibu ampea 24. Zinataka waya wa milimita za mraba 4 au zaidi kutoka kwenye bodi, breka yake peke yake, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi. Mafundi wengine huichomeka kwenye waya wa soketi. Waya unapata moto, plastiki inalainika, na siku moja ukutani panatoa moshi. Hofu ya mama juu ya shawa hiyo si ya kuchekwa. Shawa isiyo na ethi huua.

Na juu ya matumizi yake, mjue kwamba shawa hizi hazina kidhibiti joto. Zinakula kwa dakika. Ukiipunguza koki maji yanakuwa ya moto zaidi kwa umeme uleule, kwa hiyo anayetaka moto zaidi apunguze maji na aache swichi kwenye kiwango cha chini. Watoto wakirudi kwenye beseni, ndoo ya lita 10 inawatosha kwa uniti 0.3 kila mmoja. Hapo peke yake mmeokoa karibu uniti 15 kwa mwezi, bila kumgusa mzee.

Nimebakisha mama, na nimembakisha makusudi.

Umeniambia anatoka Kibosho. Wazee wa kule wamekulia kwenye mifongo, ile mifereji ya kuteremsha maji ya mlima hadi kwenye vihamba. Maji ya mfongo yalipimwa kuliko yanavyopimwa na dira yako: kila ukoo na zamu yake, kila zamu na saa yake, na asiyefika siku ya kusafisha mfereji alijibu mbele ya wenzake. Kwa hiyo sidhani kilichomuumiza mama ni maji kuwa na kipimo. Kwenye mfongo kipimo kilijulikana na wote, na wote walikuwa ndani yake. Kwako amepimwa yeye, kimya kimya, na akaambiwa na mtoto mbele ya chakula.

Hilo linaweza kukusaidia kujua utakachomwombea radhi, kwa kuwa umesema hulijui. Kuhesabu umeme unaoununua kwa jasho lako sioni kama ni dhambi. Kumhesabu yeye asijue, na kufunga hesabu kabla dira haijaeleweka, hapo mna kitu cha kuomba radhi, na ni kifupi: "Mama, nilikuandika bila kukuambia, na nilikosea hata hesabu yenyewe. Nisamehe." Usimweleze uniti siku hiyo. Maelezo mengi kwenye radhi huonekana ni kujitetea. Kama desturi yenu inataka mumeo awepo, awepo. Kama unaona mama atafunguka zaidi mkiwa wawili jikoni, hilo nalo lina uzito. Siwezi kukuchagulia, simjui anavyokaa kimya.

Anaweza asiijibu radhi siku hiyo. Anaweza bado kutaka kwenda kwake, na hamu ya kihamba inaweza kuwa ya kweli kabisa, mbali na daftari. Kumzuia kwa nguvu ili wewe utulie nako ni kumpimia. Lakini magoti yaliyovimba hayasubiri mazungumzo yaishe: daktari anayemtibu aelezwe, na aulizwe kama yaendelee kukandwa kwa maji ya moto au yapumzishwe.

Wakati huohuo, maji yake yanaweza kupatikana kwa urahisi zaidi ya jagi mara sita. Kila chemsho la jagi linapoa likiwa linasubiri mtu. Chemsha lita 3 mara moja jioni, majagi mawili yasiyojaa kabisa, utie kwenye chupa kubwa ya chai. Lita 3 zilizochemka ukizichanganya na lita 7 za bomba, unapata lita 10 za nyuzi kama 40, maji ya kuoga mtu mzima kwa beseni, kwa uniti 0.3, kama shilingi 107. Tangulia kuweka ya baridi ndoani kisha ya moto juu yake, na uyajaribu kwa kiwiko chako. Ngozi ya mzee huungua kabla hajasema. Hita ya kuchovya kwenye ndoo usiinunue kwa ajili hii. Ni ya bei ndogo na inachemsha vizuri, ila mtu akigusa maji kabla ya kuzima, umeme unaweza kumuua.

Mpelekee mwenyewe, mtoto asitumwe wala dada. Akisema yamemtosha ya baridi, usibishane naye na usiyamwage. Zile lita tatu ziache kwenye chupa yake, ziweke karibu na kitanda chake pamoja na beseni na taulo. Zitakuwa bado na moto saa sita usiku, saa ambayo magoti huamsha watu.